Mtambo Uliopimwa Topeni

“Vibaba vitatu! Vibaba vyangu vitatu vya mtama, Ngiri, na siondoki hapa bila kupewa!”

“Bi Pimbi, shusha sauti. Maiti haipigi kelele ofisini.”

“Maiti ni nani?”

“Wewe.”

“Mimi?”

“Mtambo umesema. Umekufa. Haya, mwingine!”

“Nimekufaje na huku nakutukana?”

“Hilo la kutukana si kazi yangu,” alisema Ngiri, akijikuna pembe ya mdomoni. “Kazi yangu ni kusikiliza Mtambo unasema nini.”

“Nikung’ate basi, uone kama maiti ina meno!”

“Ning’ate, nami nitasema maiti imeleta fujo. Mwingine!”

Haya watoto, sogeeni, na huyo anayetafuna muwa atafune polepole. Ugomvi huo ulitokea hapo zamani za kale, kale ile ya wanyama kuwa na serikali yao, ghala lao, karani wao wa dirishani, na foleni yao ndefu juani. Nitawasimulia kama ulivyokuwa. Si hadithi tamu, na mimi sitaitia sukari.

Pimbi, kama hamumjui, ni mnyama mdogo wa mawe. Mfikirie sungura aliyenyimwa masikio. Nyayo zake ni laini kama mkate wa kumimina, na mdomo wake haujui kufungwa. Vile vibaba vitatu, kimoja kilikuwa chake na viwili vya watoto wake, ambao muda ule walikuwa nyumbani, pangoni, wakilamba mawe.

Mvua ilikuwa imekataa. Misimu miwili, kimya. Nchi ile ilikuwa na pande mbili: upande wa Bwawa na upande wa Mawe. Bwawani alikaa Mfalme Kiboko, na waziri wake Nyati, na kina Kuro, wale swala wakubwa wa majini, na huyo Ngiri karani, wote wapenda tope. Wanalala topeni, wanakula topeni, na baraza la serikali wanakaa humo humo topeni, wamezama mpaka kifuani. Upande wa Mawe walikaa kina Pimbi, kina Digidigi, kina Kobe. Huko hakuna tope. Huko ukitema mate yanakauka kabla hayajafika chini.

Lakini ghala la nchi lilijengwa upande wa Mawe, juu kabisa, kwenye mwamba mtupu. Kwa nini? Kwa sababu mtama ukiuweka Bwawani unaota kuvu. Mmelisikia hilo? Lishikeni.

Kila juma, kila mwenye roho alikuwa na haki ya kibaba kimoja, achukue siku yoyote. Zamani Ngiri aliita majina tu, na ukiitika unapewa. Ndipo ikagundulika kwamba kuna majina hewa. Fisi alikuwa akichukua mtama wa shangazi zake wanne, ambao yeye mwenyewe alikwisha kuwala wakati wa matanga yao.

“Wafu wanakula mtama wangu!” alinguruma Mfalme Kiboko. Bwawa likatikisika, bubububu!

Basi akatokea fundi mmoja, Ngedere, fundi wa kweli wa mikono, siwadanganyi. Akasema, “Mtukufu, nimeunda akili.”

“Umeunda nini?”

“Akili, Mtukufu. Ya shaba.”

Akaifunua. Kilikuwa kichwa kikubwa cha shaba chenye jicho moja linalotazama chini. Hakikuzaliwa na mama, hakikula, hakikulala. Ngedere alikuwa amekionyesha nyayo za wanyama, nyayo juu ya nyayo, mpaka kikajifunza chenyewe: huu ni wa fulani, huu ni wa fulani, na hapa pasipo na unyayo hapana mtu. Mfu haachi unyayo. Rahisi hivyo. Wakauita Mtambo.

“Kwanza tuujaribu,” alisema Waziri Nyati, akijifanya mtu makini. “Serikali haitumii kitu bila kukijaribu. Ujaribiwe hapa hapa, mbele ya Baraza.”

Wakaujaribu. Kiboko akatoka majini, pwata! pwata! pwata! Nyayo zikabaki topeni kama masufuria.

Mtambo ukavuma, nnnnnn, ukasema: “Kiboko. Hai.”

“Aaaaa!” wakashangilia.

Nyati akapita. Pwata! “Nyati. Hai.”

Kuro akapita, Ngiri akapita. Hai, hai. Ngedere akachukua fuvu kuukuu la nyumbu akalitupa pale, puu!

“Hakuna unyayo,” ulisema Mtambo. “Hayupo. Amekufa.”

Baraza lote likapiga tope kwa furaha, likawarukia mpaka machoni. “Haukosei! Haukosei!”

Sasa siku ile Bwawani alikuwepo Digidigi, kaja kuomba maji. Digidigi ni swala mdogo sana, miguu yake kama vijiti vya kuchokolea meno, na ana adabu mpaka inakera. Akainua mguu mmoja.

“Samahani, wakubwa zangu. Samahani sana. Mtambo utakaa kule ghalani, sivyo? Hamngeujaribu na kule? Na sisi wa kule?”

Nyati akamtazama kama anatafuta sauti imetoka wapi. “Digidigi, ardhi si ardhi?”

“Ni ardhi, mheshimiwa.”

“Mguu si mguu?”

“Ni mguu, mheshimiwa.”

“Basi chota maji yako uende.”

Wakacheka, kwa! kwa! kwa! Digidigi naye akacheka kidogo, kwa adabu, akachota maji yake akaenda. Na Kiboko akapitisha sheria siku ile ile: neno la Mtambo halina rufaa. Na sehemu ya aliyekufa igawiwe walio hai.

Wakaubeba Mtambo mpaka ghalani, wakauweka mlangoni, juu ya mwamba mtupu.

Mnaona kitakachotokea? Wao hawakuona. Na walikuwa na macho makubwa kuliko yenu.

Wa Bwawani walipofika, miguu yao ilikuwa na tope bichi. Pwata! Hai. Pwata! Hai. Wakachukua vibaba vyao wakashuka zao. Wa Mawe walipofika, miguu mikavu juu ya mwamba mkavu, jicho la shaba likatazama chini, likaona mwamba.

“Hakuna unyayo. Hayupo. Amekufa.”

Kobe: amekufa. Digidigi: amekufa. Mke wa Digidigi: amekufa. Pimbi: amekufa, na wanawe wa pangoni wakahesabiwa pamoja naye. Ndipo tulipomkuta akitaka kumng’ata karani.

Upande mzima wa Mawe ulikufa siku moja, ukarudi nyumbani kwa miguu.

Digidigi hakugombana. Jioni ile alisimama mlangoni kwa Pimbi.

“Jirani, labda kosa ni langu. Nimekonda. Labda sikukanyaga vizuri.”

“Kosa lako? Wewe Digidigi, mtu akikukanyaga utamwomba radhi kwa kuwa chini ya mguu wake!”

“Kesho nitakanyaga kwa nguvu.”

Kesho yake akaenda akakanyaga kwa nguvu. Ti! Ti! Ti! Mbele ya Mtambo, mwanamume mzima, baba wa watu, anarukaruka mwambani kwa vile vijiti vyake. Ti! Ti! Kwato moja ikapasuka.

“Hakuna unyayo. Hayupo. Amekufa.”

“Mwingine!” alisema Ngiri.

Pimbi alikuwa pembeni, amejikunyata nyuma ya jiwe, anatazama. Hakuwa akimtazama Digidigi, roho ilimuuma. Alikuwa akitazama miguu ya Kuro. Kuro kapita, pwata, kaacha doa la tope mwambani. Mtambo: “Kuro. Hai.” Doa likakauka, upepo ukalipuliza. Mtambo haukuwa ukiona wanyama. Ulikuwa ukiona tope.

“Alaa!” alisema Pimbi.

Akateremka mbio mpaka ukingo wa Bwawa, akachota tope kwenye jani, akarudi nalo. Akajipaka nyayo, akawapaka wanawe, wakapanda mwambani. Pwa, pwa, pwa.

“Pimbi. Hai. Pimbi. Hai. Pimbi. Hai.”

Ngiri akashtuka mpaka akaangusha kibaba. Lakini Mtambo umesema. Akapima mtama, krrr, krrr, krrr.

Usiku huo walikula. Pimbi akawagawia na kina Digidigi, kidogo kidogo, kwa kuwa mtu hagawi zaidi ya alichonacho. Akawaambia siri yote. Asubuhi upande wa Mawe wote ukawa njiani, mtu na jani lake la tope, wakicheka kwa mara ya kwanza tangu mvua ikatae.

Wakamkuta Ngiri kasimama nje ya dirisha, na Mamba wawili, askari, kulia na kushoto.

“Inueni miguu!”

Wakainua.

“Tope hilo si lenu. Ni tope la Bwawa. Mnauhadaa Mtambo! Huu ni udanganyifu dhidi ya serikali! Futeni!”

“Lakini sisi ni hai, Ngiri!” alipiga kelele Pimbi. “Unatuona!”

“Mimi sikuajiriwa kuona. Futeni!”

Wakafuta. Waliokataa walifutwa na mkia wa Mamba, na tuyaache hayo. Kisha wakapita mmoja mmoja mbele ya jicho la shaba, wakafa tena, na juma lililofuata tena, na jingine.

Digidigi alianguka njiani wakati wa kurudi. Alianguka taratibu, kama anavyofanya kila kitu, kwanza magoti ya mbele. Mkewe akamshika shingo.

“Baba Tika, inuka. Tumekaribia nyumbani.”

“Napumzika kidogo tu,” alisema Digidigi. “Samahani. Nawachelewesha.”

Hakuinuka. Pale pale njiani, kwenye mawe ya moto, na nyumba inaonekana.

Nawaambia jambo ambalo mpaka leo likinijia natupa ninachoshika. Habari ilipofika Bwawani, Waziri Nyati alipiga ngoma, ndu! ndu! ndu!, akaita Baraza.

“Waheshimiwa! Mnakumbuka Mtambo ulisema Digidigi amekufa?”

“Tunakumbuka!”

“Wenye midomo wakasema umekosea?”

“Walisema!”

“Leo Digidigi amekutwa amekufa!”

Wakapiga tope. “Haukosei! Haukosei!” Wakanywa togwa. Wakamvika Ngedere shada la majani. Kelele zao zilipanda mpaka upande wa Mawe, zikaingia mpaka msibani. Bi Digidigi alikuwa amekaa chini, kajifunika kanga, akazisikia zote.

“Wanashangilia nini, shoga?” alimuuliza Pimbi.

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Pimbi alifunga mdomo. Alikaa hivyo mpaka matanga yakaisha, na watoto wake walipomsemesha hakusikia. Kisha akainuka, akajikung’uta vumbi, akateremka Bwawani.

Alikwenda akiimba. Ndiyo, akiimba! Akisifu! “Kiboko mwenye nchi, Kiboko mwenye maji, ukipiga mwayo jua linatua!”

Kiboko akafungua jicho moja. “Nani huyo?”

“Mtukufu, usimsikilize,” alisema Nyati. “Huyu kisheria amekufa.”

“Ndiyo maana sina cha kuogopa, mheshimiwa Nyati,” alisema Pimbi, akipiga goti. “Maiti ataulizwa nini? Nimekuja kumtetea Mfalme.”

“Kunitetea?” Kiboko akafungua na jicho la pili. “Na nani?”

“Na wa Mawe, Mtukufu. Wana kelele! Usiku hazikukatizi usingizi?”

“Zinanikatiza. Kulia, kulia, kulia.”

“Basi wanasema Mtambo haukujui. Wanasema Ngedere anaunong’oneza. Wanasema ungekutana nawe njiani usingekusalimia.”

“Uongo!” aliruka Ngedere, shada limemwinamia usoni. “Mtambo unamjua Mfalme popote!”

“Popote, fundi?”

“Popote!”

“Hata kule ghalani?”

Ngedere akafungua mdomo, akaufunga. Lakini Baraza zima linamtazama, na shada liko kichwani. “Hata kule,” alisema.

“Umesikia, Mtukufu!” Pimbi akapiga makofi. “Panda siku moja tu. Usimame mbele ya Mtambo, wote wasikie kwa masikio yao: Kiboko, hai. Watanyamaza. Watakaa majumbani mwao, wafe kimya kimya, wala hawatakukatiza usingizi tena.”

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulitoa mapovu. “Lakini jua, Pimbi. Na yale mawe ya moto. Mfalme gani anatembea juu ya mawe?”

“Utembee juu ya mawe na sisi tupo? Tutakutandikia, Mtukufu! Kutoka Bwawani mpaka ghalani. Majivu laini chini, mikeka juu. Na kila hatua tutakupangusa miguu kwa majani makavu, kama bwana harusi.”

“Kama bwana harusi,” alisema Kiboko, akitabasamu kwa yale meno yake.

Nyati alikunja uso. Alitaka kusema kitu. Kisha akamtazama mfalme, akatazama kiti cha mfalme, akanyamaza. Akili ya Nyati inakwenda polepole, lakini inakwenda.

Siku ikafika. Upande wa Mawe ukatandika njia nzima. Majivu ya mafiga yao, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kikipikwa tena juu yake. Mikeka waliyolalia wagonjwa. Bi Digidigi alileta ule aliomlazia mumewe. Pimbi akauweka wa mwisho kabisa, karibu na mlango wa ghala.

Kiboko akatoka. Pwata! Pwata! Hatua za kwanza zilichafua mikeka. Halafu majivu yakanywa maji ya miguu. Halafu wakampangusa kwa majani, fya, fya, fya. Pwata ikawa pwa. Pwa ikawa pu. Na alipofika juu, akitweta, ngozi imeanza kutoa lile jasho lake jekundu, miguu ya mfalme haikutoa sauti yoyote.

Wa Bwawani walikuwepo wote, wamekuja kusherehekea, na wa Mawe wote, waliobaki. Dirishani Ngiri kainamia vibaba vyake. Ngedere anatafuna kucha.

Kiboko akasimama mwambani mbele ya jicho la shaba, akatoa kifua.

“Haya! Sema!”

Nnnnnnn, ukavuma Mtambo. Ukatazama chini. Mwamba, mkavu.

“Hakuna unyayo. Hayupo. Amekufa.”

Mikono iliyoinuliwa kushangilia ikabaki juu. Hata nzi alitua.

“Mwingine!” aliita Ngiri bila kuinua kichwa.

“NGIRIII!”

Ngiri akainua kichwa. Akaona ni nani. Pembe zake zikagongana mdomoni, ka-ka-ka-ka. “Mtu... Mtukufu... mimi... Mtambo umesema.”

“Mimi ni mfalme! Unaniona!”

“Nakuona, Mtukufu. Lakini mimi kuona siku... sikuajiriwa...”

“Ngedere!”

Ngedere alikuwa amevua shada, amelificha nyuma.

Na hapo ndipo Nyati aliposogea. Taratibu, akijilamba pua, tayari sauti ya msiba imo kooni. “Ndugu wananchi. Sheria tuliipitisha pamoja. Neno la Mtambo halina rufaa. Na sote ni mashahidi kwamba haujawahi kukosea. Mamba! Chukueni mwili wa marehemu, tuuzike kwa heshima. Kiti hakikai wazi.”

“Nyati! Mimi niko hai!”

“Sijasema mimi, Mtukufu. Umesema Mtambo.”

Mamba wakamtazama Kiboko, wakamtazama Nyati. Askari ni askari. Wakaanza kusogea, kreu, kreu, kreu, tumbo juu ya mwamba. Kiboko akarudi nyuma. Jua lilikuwa linampasua ngozi. Bwawa liko mbali, chini kule, linang’aa. Akageuza kile kichwa chake kikubwa huku na huku, akitafuta hata mmoja wa kusema kwamba anamwona. Wakuu wake wote walikuwa wanatazama Mtambo.

“Pimbi,” alisema kwa sauti ndogo. “Wewe unaniona.”

“Nakuona, Mtukufu.”

“Waambie basi.”

“Nami nimekufa, Mtukufu. Maiti haimshuhudii maiti. Lipo neno moja la kukuokoa, na ni wewe tu wa kulisema. Ulilikataza mwenyewe.”

Mamba wa kwanza akafika mguuni.

“Umekosea!” alipiga kelele Kiboko. “Umekosea! Mtambo umekosea!”

“Sikusikia vizuri,” alisema Pimbi. “Na Bi Digidigi yuko mbali, kule nyuma.”

“MTAMBO UMEKOSEA!”

Mwamba ukarudisha sauti. Mamba wakasimama. Nyati akarudi nyuma hatua moja, akaanza kula majani yasiyokuwepo.

Ngedere akaangua kilio. “Sikuujaribu hapa, Mtukufu! Mlisema ujaribiwe mbele ya Baraza, na Baraza linakaa topeni! Niliufundisha nyayo za tope, nikaupima kwa nyayo za tope, ukapasi. Nilijua. Siku ya kwanza nilijua. Lakini mlikuwa mmekwisha kushangilia.”

Mngemjibu nini?

Kiboko akavuta pumzi, akajifuta jasho jekundu, na ufalme ukaanza kumrudia. “Haya, yamekwisha. Mtambo utarudishwa kwa fundi. Kuanzia juma lijalo kila mmoja apewe kibaba chake. Tawanyikeni. Nitandikieni, nateremka.”

Pimbi hakusogea. Alisimama juu ya mkeka wa mwisho, mnyama wa ukubwa wa kibuyu, mbele ya mlima wa nyama.

“Kuanzia juma lijalo,” alisema. “Na yaliyopita?”

“Yaliyopita yamepita. Sehemu zenu ziligawiwa walio hai. Zililiwa.”

“Najua zililiwa. Natazama tumbo lililozila.”

“Ghala limebaki chini ya nusu, Bi Pimbi,” alisema Ngiri dirishani, na safari hii alisema kwa heshima. Akaingiza kibuyu ndani ili wasikie. Krrr. Kibuyu kilikwangua sakafu. “Na hao wengine, kwa mfano marehemu Digidigi, nisamehe, lakini huyo kweli amekufa. Hana sehemu.”

“Mlipomnyima alikuwa hai.”

“Lakini sasa...”

“Alikuwa amesimama hapa. Hapa ulipo mguu wa mfalme. Alikuwa anarukaruka, kwato imepasuka, na wewe ukasema, mwingine.”

Ngiri akatazama chini.

Bi Digidigi alikuwa amefika mbele. Alijifunga kanga vizuri, akausogelea ule mkeka, akangoja Pimbi ashuke, akaukunja, akaubana kwapani. Ulikuwa na majivu tu, bila hata doa la tope. Kisha akafungua ncha ya kanga, akaikinga mbele ya dirisha kwa mikono miwili.

Neno lenyewe, watoto, ni hili: kitu cha kuamua nani ale na nani asile, kipime kwanza pale alipo mwenye njaa.

Kiboko alisema, “Tutalijadili Barazani.”

“Hapana,” alisema Pimbi. “Vibaba vya Digidigi, vyote mlivyomnyima. Mpe mkewe. Sasa hivi.”